Usiwaulize kama wanajua kutafuta

Wakutubi wenzangu wa vyuo vya Mbeya na Iringa, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakifika usiwaulize kama wanajua kutafuta taarifa. Mikono yote itanyooshwa. Kabla hujaanza somo, wape kikaratasi na dakika 10: tafuta chanzo kimoja kuhusu ugonjwa wa bakajani kwenye viazi mviringo. Andika maneno uliyotumia kutafuta, nani kaandika, mwaka gani, na kwa nini unamwamini.

Soma kwanza yale maneno. Mmoja ataandika swali zima kama anamuuliza mwalimu, mwingine "viazi" tu, akaangukia mapishi ya chipsi. Kwenye kuamini, jiandae kukuta "kwa sababu imetokea ya kwanza". Anayeandika TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, kwa kuwa wanatafiti viazi, huyo ameshapiga hatua tayari.

Gawa vikaratasi mafungu hapohapo, fundisha pale fungu kubwa lilipokwama. Kuwazungusha kwenye rafu kunaweza kusubiri. Majina wasiandike, wakiyaandika wataibia kwa jirani. Waweke alama ya siri ili ulinganishe mwisho wa muhula. Siku hiyo wape zao jingine la kutafuta, parachichi la Njombe kwa mfano, maana viazi watakuwa wameshavikariri.