Kurekebisha hitilafu za utegemezi wa vifurushi katika Debian na Ubuntu

Kila kifurushi cha programu hutaja vifurushi vingine kinavyovitegemea pamoja na matoleo yake, na apt, yaani programu ya kusakinisha vifurushi katika mifumo endeshi ya Debian na Ubuntu, ikishindwa kuyapata matoleo hayo husitisha kazi na kutoa ujumbe wa kosa. Hatua ya kwanza ni kuusoma ujumbe huo hadi mwisho na kuandika pembeni jina la kifurushi kinachokosekana na toleo linalotakiwa.

Hatua ya pili, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) na utoe amri `sudo apt update`, kwani orodha iliyochakaa huagiza matoleo yaliyokwisha kuondolewa katika hazina, yaani ghala la mtandaoni ambako apt hupakua vifurushi. Kisha toa `sudo dpkg --configure -a`, ambayo hukamilisha usakinishaji uliokatizwa njiani, kwa mfano umeme ulipozimika.

Hatua ya tatu ni `sudo apt --fix-broken install`. Usikubali kabla ya kusoma orodha ya vifurushi vitakavyoondolewa. Mimi niliwahi kukubali kwa haraka, na kompyuta ilipowaka tena sikuona madirisha wala aikoni, ila maandishi meupe juu ya kioo cheusi. Tangu siku hiyo huongeza kwanza `-s`, ili apt ionyeshe itakachofanya bila kubadili chochote.

Tatizo likibaki, toa `apt policy` ikifuatwa na jina la kifurushi. Amri hii huonyesha toleo lililomo, toleo linalopendekezwa na hazina linakotoka, na mara nyingi mimi humkuta mchawi hapa: mtu anatumia Debian 12, lakini aliwahi kuongeza hazina ya Debian 13 kwa ajili ya programu moja tu, na maktaba (msimbo unaotumiwa na programu nyingi kwa pamoja) za matoleo mawili sasa zinagombana. Fungua `/etc/apt/sources.list` na mafaili ya `/etc/apt/sources.list.d`, weka alama ya `#` mwanzoni mwa mstari wa hazina hiyo (katika faili la `.sources`, andika `Enabled: no`), kisha usasishe orodha na urudishe kifurushi kwa `sudo apt install jina=toleo`. Hata hivyo, libc6, maktaba ya msingi ya mfumo, ikiwa imekwisha kupandishwa, usijaribu kuishusha, kwa maana karibu kila programu inaitegemea. Ni salama zaidi kuhamishia mfumo mzima kwenye toleo jipya.

Angalia pia `apt-mark showhold`, kwa kuwa kifurushi kilichozuiwa kusasishwa huwakwamisha wenzake. Amri `sudo apt-mark unhold jina` hukifungulia. Na faili la `.deb` ulilolipakua mwenyewe lisakinishe kwa `sudo apt install ./faili.deb`, si kwa `dpkg -i`, ambayo haitafuti vifurushi tegemezi.