Odin inagoma kwenye butiloda? Soma kwanza simu imeandika nini

Wengi wakiona Odin (ile programu ya kompyuta ya kuingiza fimwea, yani mfumo wa simu, kwenye Samsung) imetoa ile FAIL nyekundu wanakimbilia kubadili waya, kubadili tundu la USB, kushusha Odin ya toleo lingine, kumbe jibu lipo kwenye simu yenyewe, yale maandishi madogo juu ya kioo ukiwa kwenye daunilodi modi, ile hali ya simu ya kupokea fimwea. Naongelea Samsung hapa maana ndo zinazosumbua watu sana kwa hili.

Ukikuta imeandika SW REV CHECK FAIL, halafu DEVICE: 4, BINARY: 3, jua hiyo haihusiani kabisa na waya wala draiva. Simu inakwambia butiloda yangu (programu ya kwanza kabisa inayoanza simu ikiwashwa) ni namba 4 we unaniletea 3, sirudi nyuma. Zile zenye chipu ya Qualcomm mara nyingi zinaandika Fused 4 > Binary 3, yani namba imeshachomwa ndani ya chipu na kilichochomwa hakifutiki, kwahiyo usimpe hela yako mtu anayesema ana programu ya kuishusha. Tafuta fimwea ya namba 4 au zaidi, basi.

Namba ya faili unaijuaje? Chukua jina la fimwea, hesabu kutoka mwisho kurudi nyuma, ya tano ndo butiloda. Mfano A125FXXU2BVA3, unahesabu 3, A, V, B, halafu 2, hiyo 2 ndo yenyewe. Hapo V ni mwaka 2022 na ile A ni Januari, ukishazoea kusoma hivi hakuna atakayekupa faili la zamani akakwambia ni jipya. Ikipita 9 zinaanza herufi, A ni 10. Ya simu hata kama haiwaki unaiona kwenye daunilodi modi, mstari wenye SWREV, angalia palipoandikwa B. Na tafadhali usipandishe namba kichwa kichwa kama simu haina shida, ukishapanda ndo umepanda.

Modeli nayo iwe ile ile kabisa. SM-G960F na SM-G960U zote ni Galaxy S9 lakini hiyo ya U ni ya soko la Marekani na chipu yake ni nyingine, faili la moja halikubali kwa nyenzake.

Kama imeandika Custom binary blocked by OEM Lock, maana yake unaingiza kitu kisicho cha Samsung, tuseme rikava ya kurutia (mfumo mdogo wa pembeni wa kukupa mamlaka yote ya simu), wakati butiloda bado imefungwa. Kuifungua kunafuta kila kitu, na ukishaflashi (ukishaingiza) kitu kama hicho Knox, alama ya usalama ya Samsung, inabadilika kuwa 0x1 moja kwa moja na Secure Folder, lile folda la siri la Samsung, ndo basi tena, kwahiyo mwambie mwenye simu kabla hujagusa.

Waya ulaumu pale tu Odin inapokwama kwenye SetupConnection au haioni simu kabisa. Hapo weka draiva za Samsung upya, chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta bila habu, simu iwe na chaji hata nusu, izime, kwa Samsung zisizo na kitufe cha Home wala Bixby shika sauti juu na chini kwa pamoja ndo uchomeke waya.

Ikifeli katikati na kuleta ule ujumbe wa An error has occurred while updating the device software usiogope, simu haijafa, kioo hicho hicho kinapokea fimwea. Rudia na faili sahihi zote nne za fimwea, BL, AP, CP, na ya nne weka HOME_CSC ukitaka data ibaki, maana CSC ya kawaida inafuta kila kitu na simu ikiwaka itadai akaunti ya Google iliyokuwemo, mwenyewe asipokumbuka paswedi hapo unaanza kazi nyingine.