Mafuta ya mgando ya kipande, yasiyohitaji chupa ya plastiki

Mapishi mengi ya mafuta ya kipande ya kupaka mwilini hutegemea mafuta ya nazi kuleta ugumu. Hayo ni ya nchi za baridi. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi, kwa hiyo Tanga au Mombasa hukaa kama maji karibu mwaka mzima. Huku kwetu ugumu utoke kwenye nta na siagi ya kakao.

Kwa gramu 100, zilizopimwa kwa mizani wala si kwa vijiko:

- siagi ya kakao, gramu 40
- mafuta ya ufuta, alizeti au nazi, gramu 25
- siagi ya shea, gramu 20
- nta ya kandelila, gramu 15

Kandelila hutoka kwenye kichaka cha jangwani kaskazini mwa Meksiko, na ni ngumu kuliko nta ya nyuki. Ukiibadilisha kwa nta ya nyuki, gramu 15 hazitoshi. Anza na 25 na upunguze mafuta ya maji (yale ya ufuta, alizeti au nazi) kwa gramu 10. Angalia pia shea yako: ile ya kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ya Ghana, hivyo ongeza gramu 2 za nta.

Weka nta na mafuta ya maji kwenye bakuli kavu la chuma, ulikalishe juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole. Nta huyeyuka ikikaribia nyuzi 70, na inachukua muda, usiongeze moto. Ikishayeyuka yote, tia siagi ya kakao. Epua, kisha koroga shea kwa joto lililobaki mpaka isionekane hata punje.

Kabla ya kumimina, dondosha tone la mchanganyiko kwenye kijiko kilichotoka kwenye friji. Subiri dakika mbili, ulibonyeze kwa kidole. Likibonyea kirahisi, rudisha bakuli motoni na uongeze gramu 2 za nta. Likikwaruza ngozi na kuacha utando mkavu, ongeza mafuta ya maji gramu 3. Jaribio hili ndilo linalookoa mafuta yako, usiliruke.

Mimina kwenye vikopo vya bati vilivyokauka kabisa, yakiwa bado maangavu. Yakianza kuganda pembeni mwa bakuli umechelewa: nta itajitenga vipande vipande. Yapoe kidogo, kisha uweke kwenye friji nusu saa. Shea ikipoa taratibu hufanya chembechembe kama mchanga. Haziharibu kitu, ila hukera mkononi. Yeyusha yote upya, upoze haraka zaidi. Friza nayo hupasua kipande juu.

Harufu si lazima. Mafuta ya karafuu yasizidi nusu gramu kwa kiasi hiki, maana huunguza ngozi. Ya ndimu yaliyokamuliwa acha kabisa: ngozi iliyopakwa ikipigwa na jua huungua.

Kwa kuwa hakuna maji ndani, hayahitaji dawa ya kuzuia ukungu, mradi yasiingie maji. Ukitoka kuoga, kausha viganja, sugua kipande humo kwa sekunde chache, kisha paka mwili ungali na unyevu. Mafuta haya hayaongezi maji kwenye ngozi, yanayazuia yasipotee. Wenye chunusi wasiyapake usoni. Kakao na nazi huziba vinyweleo. Yakianza kunuka kama karanga za zamani, mafuta ya maji yamechacha: tupa.