Mhusika akifa mezani: yamalizeni kabla dadu haijarushwa

Hii ni kwa yeyote anayeongoza gemu (gemu masta) za kuigiza mezani, zile ambazo kila mchezaji ana mhusika wake na dadu ndo inaamua yanayompata. Kuna usiku mchezaji wangu alimpoteza mhusika aliyemlea miezi minane, mshale mmoja tu wa goblini, nusu saa baada ya kuanza, halafu akakaa masaa matatu anaangalia simu huku wenzake wanaendelea na safari. Wiki iliyofuata hakuja. Dadu haikuwa na kosa, kosa lilikuwa langu manake sikuwahi kuwaambia watu kwenye meza yangu mtu akifa inakuwaje.

Kwahiyo kabla ya sesheni ya kwanza muulize kila mmoja, kwa meseji tena, sio mbele za watu, kwa sababu mezani wote watamfuata mwenye sauti kubwa: unataka mhusika wako aweze kufa muda wowote dadu ikikataa, au afe pale tu wewe mwenyewe umeridhia? Ukipata majibu yanagongana usiyafumbie macho, wakalishe muelewane. Mkikubaliana kifo ni kwa ridhaa, basi anayeshindwa vita anatekwa, anapoteza mkono, anadaiwa na pepo fulani, ila lazima kitu kimtoke.

Halafu ijue sheria ya kitabu kabla hujaigusa. Kwenye Dungeons & Dragons ya toleo la 5 pointi za uhai za mhusika zikifika sifuri anazimia, na kila zamu yake ikianza anarusha dadu ya pande 20: 10 kwenda juu amefaulu, 9 kushuka amefeli, mafanikio matatu anatulia, kufeli mara tatu amekufa. Ikitua 1 inahesabika kufeli mara mbili, ikitua 20 anaamka na pointi 1 ya uhai. Ukipiga hesabu, mtu aliyeachwa peke yake bila kuguswa anapona karibu mara 6 kwa 10, yaani sheria yenyewe tayari ina huruma. Shida yake ni ile kuanguka na kuinuka, mganga anampa pointi chache, anaamka, anapigwa, anaanguka, anaamka tena, mpaka kuzimia kunakuwa kama kuteleza tu.

Dawa ya hiyo ziko mbili, chagua moja. Ama kila akianguka anapata leveli moja ya uchovu (zikifika 6 anakufa), ama alama za kufeli hazifutiki mpaka apate pumziko refu, yaani usingizi wa usiku mzima ndani ya gemu. Mimi natumia ya pili, ile ya uchovu inamuumiza sana mpiganaji wa mbele ambaye kazi yake ndo kupigwa kwa niaba ya wengine, sio haki.

Lakini kama utabeba sheria moja tu kutoka hapa, beba hii: dadu za kifo zirushwe kwa siri, azione mchezaji mwenyewe na gemu masta basi. Zikirushwa hadharani wenzake wanapiga hesabu, "ana mafanikio mawili, bado ana muda, tumalize kwanza huyu zimwi". Zikifichwa hakuna anayejua, na ghafla watu wanaacha kila kitu wanamkimbilia rafiki yao. Nimeona meza iliyopoa ikawaka kwa hicho kitu kimoja.

Kingine ninachokipenda ni tendo la mwisho. Akifeli mara ya tatu mpe nafasi ya kufanya jambo moja ambalo litafanikiwa bila kurusha chochote, anafunga mlango, anamsukuma mwenzake nje ya moto, chochote, ila akilitumia hafufuliwi tena kwa namna yoyote. Asipolitaka, njia ya kufufuliwa inabaki wazi.

Na kufufuana kwenyewe kudhibiti mapema. Uchawi wa leveli ya 3 unamrudisha mtu ndani ya dakika 1 kwa almasi zenye thamani ya sarafu 300 za dhahabu, wa leveli ya 5 ndani ya siku 10 kwa almasi yenye thamani ya sarafu 500 za dhahabu, sasa kundi likishatajirika kifo kinakuwa bili tu ya kulipa. Fanya almasi ziwe adimu, zitafutwe kwa safari nzima, au weka kwamba kila anayerudi anaacha kitu huko: kumbukumbu ya mama yake, sauti, jina. Mchezaji achague mwenyewe anaacha nini, usimchagulie.

Gemu za kutisha kama Call of Cthulhu ziache zilivyo, huko udhaifu wa binadamu ndo utamu wenyewe.

Aliyefiwa asikae bure. Kila mchezaji awe na mhusika wa akiba kwenye karatasi, leveli sawa na wenzake, aingie usiku uleule hata kama ni mfungwa mliyemkuta chumba cha pili, na akisubiri mpe maadui awaendeshe yeye. Vifaa vya marehemu vizikwe naye, kibaki kimoja cha ukumbusho, la sivyo mgeni anakuja na vyake na kundi linakuwa na mali mara mbili.

Ukigundua sheria ni mbaya katikati ya vita, usiibadilishe palepale kumwokoa unayempenda, ibadilishe sesheni ijayo kwa wote. Na mtu akifa kweli simamisha gemu dakika tano, mwache mchezaji asimulie mwenyewe mhusika wake aliona nini mwisho, wengine wanyamaze wamsikilize.