Namna ya Kucheza South Park: The Stick of Truth, kwa Anayeanza Hapa Nairobi

Mtoto aliyekulia Buruburu, Kayole au Kangemi amecheza kalongolongo: kopo likawa sufuria, udongo ukawa ugali, na aliyepewa cheo cha baba akakishikilia kwa dhati mpaka sauti ya mama ilipomwita nyumbani jioni. Gemu ninayoielezea hapa imejengwa juu ya dhati hiyo hiyo. Watoto wa mji mdogo wa milimani katika jimbo la Colorado, Marekani, wamegawanyika katika majeshi mawili, binadamu na “elfu” (elves, viumbe wa hadithini), na wanapigania kijiti kimoja cha mti kwa imani kwamba anayekishika ndiye anayeutawala ulimwengu. Sisi tuliozoea kuona mamlaka yakishikiliwa pamoja na rungu au usinga hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo. Atakayeingia katika gemu hii akiwa tayari kukichukulia kijiti hicho kwa uzito ule ule wanaokipa watoto hao ataifurahia, lakini atakayeikimbilia ili aimalize tu atakosa sehemu kubwa ya ucheshi wake.

Kwa asiyeifahamu, South Park ni katuni ya televisheni iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwezi Agosti 1997, kazi ya Trey Parker na Matt Stone. Gemu hii, iliyotengenezwa na kampuni ya Obsidian Entertainment na kutolewa na Ubisoft mwaka 2014, iliandikwa na watunzi hao hao, nao pia ndio wanaotoa sauti za wahusika wengi. Picha zake zimechorwa zifanane kabisa na karatasi zilizokatwa kwa mkasi, kiasi kwamba mtu anayepita nyuma yako anaweza kudhani unatazama televisheni.

Kabla ya kununua

Neno la kwanza ni kwa wazazi na kwa wenye vibanda vya gemu. Katuni haimaanishi kuwa kitu ni cha watoto. Gemu hii ina matusi mazito, ngono, damu, na mizaha juu ya dini, rangi za watu na maradhi, na ndiyo maana jalada lake la Ulaya lina alama ya miaka 18. Nimewahi kuiona ikichezwa kibandani na mtoto ambaye meno yake ya mbele yalikuwa hayajaota tena, mwenye kibanda akiwa ameshawishiwa na picha za jaladani, na sikuweza kunyamaza. Ichezwe na watu wazima, na ikiwa nyumba ni ya vyumba viwili, ichezwe watoto wakishalala.

Inapatikana kwa kompyuta yenye Windows, PlayStation 3 na Xbox 360, na tangu 2018 kwa PlayStation 4, Xbox One na Nintendo Switch. Kompyuta ya kawaida ya miaka ya karibuni huibeba bila shida, kwa kuwa picha za karatasi hazihitaji kadi ya picha yenye nguvu nyingi. Anayenunua mtandaoni kupitia duka la Steam anaweza kulipa kwa kadi ya Visa ya M-PESA GlobalPay, na ni busara kuipakua usiku kwa intaneti ya nyumbani kuliko kuimalizia bando ya simu. Anayetafuta diski iliyotumika Luthuli Avenue au Moi Avenue aikague kwenye mwanga kama ina mikwaruzo, na aulize ni toleo la eneo gani, kwa maana matoleo ya konsoli (mashine za gemu kama PlayStation na Xbox) yaliyouzwa Ulaya mwaka 2014 yaliondolewa sehemu kadhaa fupi, na mahali pake pakawekwa picha tuli yenye maandishi yanayoeleza kilichoondolewa. Hadithi haikatiki kwa sababu hiyo, lakini mnunuzi ana haki ya kujua anacholipia.

Ukishaifungua, washa maandishi ya chini kabla ya jambo lingine lolote. Wahusika wanazungumza Kiingereza cha Kimarekani kwa kasi, na mzaha mmoja huwa umeshapita kabla sikio halijaushika.

Kuchagua mhusika

Wewe ni mtoto mgeni aliyehamia mjini na wazazi wake, na hutamki neno. Unaweza kupanga sura, nywele na mavazi yako, na yote hayo yanabadilika baadaye, kwa hiyo usikeshe hapo. Jina nalo lisikusumbue: Cartman, mtoto mnene anayejiita mchawi mkuu wa jeshi la binadamu, atakuuliza unaitwaje kisha akupachike tusi analolipenda yeye, hata ukiandika nini.

Uamuzi wa kweli ni wa daraja la mpiganaji, kwa kuwa hilo hutalibadilisha tena. Askari ana uvumilivu na mapigo mazito, naye ndiye ninayempendekeza kwa anayecheza gemu za aina hii kwa mara ya kwanza. Mchawi hutumia moto, barafu na umeme, ingawa moto wenyewe ni fataki za dukani. Mwizi huwatia adui kizunguzungu na kuwatoa damu, na anawafaa wenye subira. Daraja la nne limepewa jina la Myahudi, nalo limetokana na tabia ya Cartman katika katuni ya kumdhihaki rafiki yake Kyle kwa dini yake. Anayelichagua hupata nguvu zaidi kadiri uhai wake unavyopungua, na kwa hiyo ni daraja la anayeweza kuishi ukingoni bila kutetemeka.

Kupigana

Mapigano ni ya zamu, kama bao: wewe unacheza, adui anacheza. Hata hivyo, zamu hizo hazikuruhusu kuiweka chini pedi ya kuchezea. Unaposhambulia, silaha humetameta kwa nukta ya sekunde, na ukibonyeza wakati huo huo pigo huwa kali. Adui anaposhambulia, alama ya ngao hutokea miguuni pako, na ukibonyeza kwa wakati maumivu hupungua sana. Wachezaji wengi wapya hujifunza lile la kwanza na kulipuuza hili la pili, kisha wakalalamika kwamba gemu ni ngumu. Tumia mapigano ya mwanzo, ambayo ni mepesi, kuisoma mikono ya kila adui, kwa kuwa kila mmoja ana mdundo wake, na wengine hupiga mara tatu mfululizo huku pigo la tatu likicheleweshwa kwa makusudi.

Jambo la pili ni kulinganisha pigo na ulinzi. Adui mwenye ngao hupoteza ngao moja kwa kila pigo linalomfikia, kwa hiyo mpige mapigo mepesi mengi. Adui mwenye deraya nzito huyadharau mapigo mepesi, naye anahitaji pigo moja zito. Wapo wanaosimama tayari kumrudishia yeyote anayewakaribia, na hao wapigwe kwa mbali, na wapo wanaorudisha kila kinachorushwa, na hao wafuatwe pale pale walipo. Alama ya msimamo huo huonekana wazi kwenye skrini, kwa hiyo tazama kwanza, kisha ubonyeze.

La tatu, ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa, ni kwamba kula hakuimalizi zamu. Dawa za uponyaji hapa ni vitafunio vya watoto, na katika zamu moja unaruhusiwa kutumia kitu kimoja kutoka mkobani na bado ukashambulia. Mchezaji anayebana vitafunio vyake kama akiba ya uzeeni hupoteza mapambano ambayo angeyashinda. Kula, kisha piga.

Damu, moto na kichefuchefu humuuma adui kila zamu, na damu hujilimbikiza, jambo linaloifanya silaha ya mapigo mengi yenye kibandiko cha damu kuwa kati ya silaha bora za gemu nzima. Vibandiko hivyo huokotwa na kununuliwa, na huwekwa kwenye silaha na mavazi. Kila unapopata silaha mpya, hakikisha umevihamisha, maana ni rahisi kusahau.

Ushuzi nao ndio uchawi wa mji huu, na haupaswi kuonewa haya na anayetaka kushinda. Unajifunza aina mbalimbali kadiri hadithi inavyosonga, na kazi yake kubwa iko nje ya mapigano: ukiuelekeza kwenye mwali wa moto ulio karibu na maadui, mlipuko huwaangusha kabla hata hamjaanza kupigana. Vivyo hivyo kwa taa na vitu vinavyoning'inia, ambavyo ukivirushia kitu huwaporomokea walio chini. Chumba chochote chenye maadui kikague kwanza kwa macho kabla ya kuingia, na usipopata cha kuwaangushia, basi wawahi wewe kwa pigo la kwanza ili uanze ukiwa na zamu.

Unapigana na mwenzi mmoja kwa wakati. Butters, unayemwokoa mwanzoni kabisa, anaweza kukuponya, na kwa anayeanza sioni sababu ya kumwacha mapema. Jimmy, anayejiunga baadaye, huwalaza maadui kwa wimbo, na thamani yake huonekana maadui wanapokuwa wengi. Wapo pia wa kuitwa kwa msaada mkubwa, kama Mr. Hankey, kinyesi cha Krismasi kinachozungumza, baada ya kuwatimizia haja zao, lakini kila mmoja hukusaidia mara moja tu kwa siku ya gemu, nayo gemu nzima ni ya siku tatu, tena hawaji unapopambana na maadui wakubwa wa gemu.

Kuujua mji

Baada ya kijiti kuibwa utatumwa kuwatafuta watoto watatu, Token, Tweek na Craig. Nyumbani kwa Token kuna geti na mlinzi anayekupulizia pilipili machoni, na wengi hukwama hapo wakijaribu kupita kwa nguvu. Nenda kwenye duka la bunduki la mtu aitwaye Jimbo ukanunue kinyago cha gesi, kisha urudi.

Katikati ya majukumu hayo, ingia kila nyumba. Fungua kabati, soma maelezo ya kila takataka unayookota, zungumza na kila mtu hata asiyekuwa na kazi ya kukupa. Ninalisisitiza hili kwa moyo wote, kwa kuwa hapa ndipo ucheshi wa gemu ulipofichwa, na pia kwa sababu unalipwa: ukurasa wa menyu umeigwa kutoka Facebook, na idadi ya marafiki unaowapata ndiyo inayokufungulia vipaji vya kudumu. Safari ndefu zifupishe kwa kumwita Timmy, mtoto wa kiti cha magurudumu anayekusafirisha, kwenye vituo vyake.

Wanaotaka kukusanya vidude vyote 30 vya Chinpokomon, vinyago vilivyofichwa mjini na kwingineko, wawe waangalifu kabla ya kutoka sehemu ambazo hadithi haitawarudisha, hasa chombo cha viumbe wa angani. Hifadhi maendeleo yako katika nafasi tofauti unapokaribia kuingia sehemu kama hizo, na uhifadhi mara kwa mara popote ulipo, kwa kuwa umeme wa mtaani haungoji pambano liishe. Ukifika Canada utakuta picha zimegeuka kuwa za gemu za kale, zenye vigae na sauti za kengele. Hujaharibu kitu, imetengenezwa hivyo.

Hadithi huchukua takriban saa 12 hadi 15, zaidi kidogo kwa anayezunguka. Ukiimaliza na ukataka kuendelea, ya pili, The Fractured but Whole, ilitoka Oktoba 2017 na inaanzia pale ya kwanza inapoishia, watoto wakiwa wameacha ufalme na kugeukia ushujaa wa kuruka angani. Mapigano yake hufanyika kwenye miraba ambayo unasogea juu yake, kwa hiyo mazoea ya kusimama mahali pamoja na kungoja zamu itakubidi uyaache.