Namna ya kuendesha shikome katika mafunzo ya wakuu wa shule

Semina nyingi za Mwanza hufunguliwa kwa Bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, majembe yakarushwa juu, kisha washiriki wakashinda wakitazama projekta. Mila hapo imekuwa pambo. Chukua utaratibu wake: nani anasema, nani anaamua, nani anaweza kukataa.

Anza na shikome, moto wa jioni ambako wazee wa Kisukuma waliwafunda vijana. Kaa na wakuu wa shule 12 hadi 15 kwenye duara, bila meza kuu; wakizidi hapo, wengine wataanza kuchezea simu. Mmoja alete kisa cha shuleni kwake, bila majina. Mfano mzuri ni utoro wa shule zilizo karibu na mialo, yaani fukwe za kupokelea samaki: siku za giza, dagaa wanapovuliwa kwa taa, asubuhi watoto wako kwenye uanikaji. Aje na daftari la mahudhurio, maana tarehe zenyewe zitaonyesha kama utoro unafuata giza la mwezi angani.

Kisa dakika 5. Maswali matupu dakika 15, ushauri ni marufuku. Ushauri dakika 20. Mwisho mwenye kisa aandike hatua moja atakayoanza nayo Jumatatu.

Panapoharibika ni pale Afisa Elimu Kata anapotangulia kusema. Wengine wote wataitikia tu. Aseme wa mwisho, na aliyeteuliwa karibuni aanze. Tena shikome ilikuwa ya wanaume. Ukiiga kila kitu, walimu wakuu wanawake watabaki wasikilizaji, kwa hiyo zamu izunguke kiti kwa kiti. Na lugha iwe Kiswahili: Mkerewe na Mjita nao wamo.

Kufundisha kugawa madaraka, tumia nsumba ntale, kiongozi wa vijana wa kazi aliyechaguliwa na wenzake. Kila mshiriki aorodheshe majukumu yake 10, akabidhi 4, na aandike atakayeyapokea. Kagua hili kwa makini: wengi hukabidhi stoo ya chakula na kubaki na ufunguo.

Ukipata usafiri, wapeleke kwenye makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, mjadili banang'oma, washauri waliomchagua ntemi, yaani mtawala wa jadi, na walioweza kumwondoa. Hapo kamati ya shule inaeleweka haraka. Sungusungu, ulinzi wa jadi wa kijiji, usiiguse kwenye somo la nidhamu. Faini na kutengwa havina nafasi shuleni.

Baada ya wiki 6 duara lilelile likutane, kila mmoja asome hatua aliyoandika na aseme ilikwamia wapi.