Stoo ndogo ya mabati, mita 2 kwa 3
Chagua sehemu iliyoinuka. Maji yakituama, nguzo zitaoza. Pigilia vigingi vinne, funga kamba, kisha pima kona kwa kona. Vipimo vyote viwili vifike karibu mita 3.6, vikitofautiana, msingi umepinda na mabati hayatakaa sawa.

Chimba mashimo 6 ya kina cha sentimita 60. Paka dawa ya mchwa sehemu ya nguzo itakayozama, kisha mwaga zege la 1:2:4 (saruji 1, mchanga 2, kokoto 4). Nguzo za mbele ziwe mita 2.3 juu ya ardhi, za nyuma mita 2, mvua isimwagikie mlangoni.

Misumari ya bati ipige mgongoni (penye wimbi lililoinuka), kamwe si bondeni: maji hupita bondeni, tundu litavuja. Chini ya paa acha upenyo wenye wavu, la sivyo bati litatoa jasho usiku na kulowesha magunia.